Kijiko bila tipa ni nusu ya kazi

Madiwani wetu wa Dar es Salaam wanapojadili ununuzi wa mitambo, macho yote huwa kwenye kijiko na greda. Sina ugomvi na kijiko; kinazibua kwa saa chache mtaro ambao vijana wenye makoleo wangeshinda nao kutwa. Swali langu ni hili: tope lile linapelekwa wapi?

Mara nyingi huachwa kando ya mtaro. Likikauka huwa vumbi, watoto hulichezea pekupeku, na mvua ya kwanza hulirudisha lilikotoka. Mtaro ukiziba, maji ya vyoo hupanda hadi uani. Nguo za swala zinaingia najisi, na bomba lililopasuka hunyonya uchafu huo pindi maji yanapokatika. Tuliokuwepo Agosti 2015 kipindupindu kilipozuka jijini hatuhitaji kufafanuliwa.

Basi kila kijiko kinunuliwe pamoja na tipa la kubeba tope siku hiyo hiyo, na fungu la dizeli na vipuri liandikwe kabisa kwenye bajeti. Mtambo uliolala yadi kwa kukosa pampu haumzibulii mtu mtaro. Na zabuni itangazwe mwaka wa fedha unapoanza, Julai, ili masika ya Machi yaukute mtambo kazini.