Tarehe ya kuzaliwa isipotoshwe na tarakilishi

Wengi wetu huichukulia tarehe kuwa jambo dogo lisilostahili somo. Mtoto hufunzwa kuiandika akiwa katika madarasa ya chini, na baada ya hapo hakuna amwulizaye tena. Kwa maoni yangu, desturi hii haifai katika zama hizi ambapo rekodi za wanafunzi huhifadhiwa katika tarakilishi na kupitishwa mtandaoni.

Hebu tutazame maandishi haya: 03/04/2025. Mkenya atasoma tarehe 3 Aprili, naye Mmarekani atasoma tarehe 4 Machi, na kila mmoja atakuwa amesoma sawasawa kwa mujibu wa mazoea ya kwao. Ili kuuondoa utata huo, Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa kanuni ya ISO 8601 mnamo mwaka wa 1988. Mwaka hutangulia, mwezi ukafuata, siku ikaja mwisho: 2025-04-03.

Hata hivyo, kuifuata kanuni bila kuielewa ni hatari. Lugha ya JavaScript ina amri iitwayo toISOString, ambayo hugeuza tarehe kuwa maandishi ya namna hiyo. Yafaa ieleweke kwamba amri hiyo haiandiki saa za Nairobi bali saa za kimataifa, zilizo nyuma yetu kwa saa 3. Herufi Z mwishoni ndiyo ishara yake. Basi mwanafunzi aliyezaliwa tarehe 1 Januari 2008, iwapo programu imeianza siku hiyo usiku wa manane hapa Kenya, ataandikwa 2007-12-31T21:00:00.000Z. Mtunzi wa programu akichukua alama 10 za mwanzo na kutupa zilizosalia, mtoto huyo amezeeshwa mwaka mzima karatasini. Mashindano yanayotenga wachezaji kwa mwaka wa kuzaliwa yatamfungia mlango, na mzazi ataambiwa kwamba cheti hakiafikiani na rekodi.

Je, kosa ni la kanuni? La hasha! Kosa ni kuchanganya siku ya kalenda na nukta ya wakati. Siku ya kuzaliwa haihitaji saa. Ihifadhiwe kama 2008-01-01, basi. Mkutano wa watu wa nchi mbalimbali ndio unaohitaji saa pamoja na tofauti yake, kwa mfano 2025-04-03T09:00+03:00.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tungepaswa kuwa wa kwanza kulielewa jambo hili. Twasema saa tatu asubuhi ilhali mshale waonyesha 9, wala hatukosani, kwa kuwa kila mmoja ajua hesabu inaanzia wapi. Tarakilishi haijui mpaka iambiwe.

Kwa hivyo, nawasihi walimu wa somo la tarakilishi wawazoeze wanafunzi kujiuliza, kabla ya kuandika amri yoyote: hii ni siku, au ni nukta ya wakati? Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wenyewe huenda ukawa maisha ya mtoto wa mwenzio.