Shopingi London? Hebu Tukae Kitako Kwanza

Kazi za gazeti zimenibana, lakini hili nimeshindwa kulimeza.

Wiki iliyopita dada mmoja tunayefanya naye kazi alinivuta pembeni. Anataka nimsaidie kupanga safari ya London mwezi Desemba. Si ya masomo wala ya kumwona mgonjwa. Ni ya shopingi, siku saba! Nauli anakopa SACCOS, atakatwa mshahara miezi kumi na minane, na mdhamini anayemtaka ni mimi. Kisa? Amesikia kwamba kule ukinunua vitu unarudishiwa kodi uwanja wa ndege.

Jamani, habari hiyo imeshachacha. Zamani kweli mgeni kutoka nje ya Ulaya alijaza fomu dukani na kurudishiwa VAT akiondoka. London wakaufuta mpango huo mwisho wa mwaka 2020, walipomalizana na Umoja wa Ulaya. Septemba 2022 Kwasi Kwarteng, akiwa Waziri wa Fedha, akatangaza kuurudisha. Oktoba akafukuzwa, na aliyemrithi, Jeremy Hunt, akautupilia mbali. Kwa hiyo ukinunua kiatu Oxford Street ukakibeba begini, ile asilimia 20 unamwachia Mfalme Charles, wewe ambaye mtaani kwako maji yanatoka kwa zamu. (Nguo za watoto hazitozwi, lakini dada yetu hana mtoto.) Ukitaka kurudishiwa, Paris bado wanarudisha.

Na ratiba yake! Anatua tarehe 24 usiku. Tarehe 25 sheria ya England inazuia maduka makubwa kufunguliwa, na treni za chini ya ardhi hazitembei. Yaani siku ya kwanza ya mkopo ataimaliza chumbani akitazama televisheni. Viza ndiyo sisemi: unalipa, unaanika taarifa zako za benki mbele ya mtu usiyemjua aamue kama utarudi kwenu, na akikunyima hela hairudi.

Nikamuuliza, utanunua wapi, Harrods? Akacheka. Harrods, ambayo tangu 2010 ni mali ya mfuko wa serikali ya Qatar, ataingia kupiga picha tu. Kununua ni Primark, ndiko pochi yake inakofika.

Hapo ndipo hasira zilinipanda. Geuza lebo ya shati la Primark usome limeshonwa wapi. Mengi ni Bangladesh. Aprili 24, 2013 jengo la Rana Plaza, nje kidogo ya Dhaka, liliporomoka na kuua watu zaidi ya 1,100. Nyufa zilionekana jana yake, wafanyakazi wakaamriwa warudi kwenye cherehani. Kiwanda kimoja mle ndani kilishonea Primark. Kampuni yenyewe ilikiri na kulipa fidia. Shati la namna hiyo likishavaliwa mara chache London, mwenyewe analitoa msaada, linauzwa kwa wafanyabiashara wa nguo kuukuu, linafungwa robota, na mengine yanashukia huku kwetu, Karume au Gikomba. Dada yangu anakopa akanunue mtumba kabla haujawa mtumba!

Msinielewe vibaya. Mfanyabiashara wa Kariakoo anayepanda ndege kwenda Guangzhou namvulia kofia, yeye anaenda kutafuta. Mimi mwenyewe nina koti la Karume. Nililivaa kwenye mkutano wa waziri, wenzangu wakaniuliza nani kaniletea kutoka ughaibuni. Nikanyamaza, nikawaacha waamini. Hadi leo najionea aibu, si kwa sababu ya koti, bali kwa ule ukimya.

Tumesoma, tuna digrii, tunaandika kila siku kuhusu uchumi wa taifa, halafu swali la "hiyo umeitoa wapi?" linatutoa jasho. Kinachokopewa hapa si nguo. Ni jibu la swali hilo.

Nilimweleza yote haya. Akaniambia mimi mwanaume siyajui mambo ya kupendeza, tena kama ni roho mbaya niseme. Hatujasemeshana tangu Ijumaa. Fomu ya udhamini iko mezani kwangu, chini ya kikombe cha chai. Sijaisaini, na sitaisaini.