Sikio la kulia, halafu la kushoto

Tuseme kuna kijana huko Lukozi, wilayani Lushoto, kazi yake kupakia karoti na kabichi kwenye Fuso la Dar es Salaam. Mwaka jana alianza kuhamishia simu sikio la kushoto, maana la kulia lilikuwa linalia kama nyenje. Mwaka huu la kushoto nalo linafifia. Mchana anapita kwenye matuta ya mama yake bila taabu, lakini giza likiingia anayumba njiani mpaka anashika migomba. Kijiji kimeshatoa hukumu: pombe ya miwa. Wengine, kwa sauti ya chini, wanataja mkono wa mtu.

Sisi tunasema apimwe kichwa.

Neva inayopeleka sauti kwenye ubongo inakwenda bega kwa bega na ile inayotusaidia kusimama wima. Zikibanwa pande zote mbili, macho ndiyo yanabaki kumshikilia mtu, na jua likizama hayo nayo hayamsaidii. Kinachobana, kwa kijana wa namna hii, huenda ni uvimbe wa NF2, ugonjwa unaotokana na hitilafu ya jeni moja kwenye kromosomu ya 22. Humpata mtoto mmoja kati ya takribani 25,000 hadi 33,000. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 492,441 wilayani Lushoto, kwa hiyo tunazungumzia watu wa kuhesabu kwa vidole. Hakuna atakayewaandalia kampeni wala fulana. Karibu nusu yao hawakurithi kwa mzazi yeyote. Hitilafu imeanzia kwao. Wakizaa, mara nyingi kila mtoto ana nafasi sawa ya kuupata au kuukosa.

Uvimbe wenyewe kwa kawaida si saratani. Hukua polepole, ila ndani ya fuvu hakuna nafasi ya ziada. Aina moja huota kwenye ganda la neva, nyingine kwenye utando unaofunika ubongo. Mara chache sana daktari hutoa donge moja, na mwanapatholojia akilitazama kwa hadubini anakuta aina zote mbili zimesukwa pamoja kama miyaa ya rangi mbili kwenye ukili mmoja. Wataalamu wanabishana kama ni uvimbe wa aina mbili uliokutana au chimbuko ni moja. Waendelee kubishana. Kwa familia ya Lukozi lililo muhimu ni kwamba mseto huo mara nyingi huonekana kwa mwenye NF2, na kwa hiyo ni kidokezo. Maabara ikichunguza kipande kidogo cha upande mmoja tu, kidokezo kinapotea.

Lakini mgonjwa hafiki maabara bila kupita zahanati, na huko sikio bovu hupewa matone. Lisipopona, matone mengine. Hatuwalaumu waganga: wenye usaha na nta ni wengi, na homa ya uti wa mgongo au sindano za gentamaisini nazo huharibu usikivu. Ila maswali matatu hayana gharama. Sikio lipi lilianza? Usiku unatembeaje? Macho yakoje? La tatu lisipuuzwe, maana wagonjwa wengi wa NF2 hupata mtoto wa jicho wakiwa bado wadogo, pengine kabla masikio hayajalalamika. Muuguzi wa macho anaweza kuwa wa kwanza kuuona ugonjwa huu.

Baada ya hapo ni barua ya rufaa na zile kona za kilomita 33 kutoka Lushoto mjini kuteremka Mombo, kisha hospitali ya Bombo mjini Tanga, KCMC mjini Moshi, au MOI pale Muhimbili. CT scan inaweza kuukosa uvimbe mdogo wa neva ya sikio. Kipimo kinachotakiwa ni MRI. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilitungwa 2023. Kama ina maana yoyote kwa milima hii, basi kipimo hicho kisimlazimishe mama wa kijana yule kuuza matuta yake.

Upasuaji nao huweza kuondoka na usikivu uliobaki. Mgonjwa aambiwe mapema, aanze kujifunza lugha ya alama angali anamsikia mwalimu. Magamba, mwendo mfupi kutoka Lushoto mjini, kulianzishwa chuo kikuu chenye jina la Askofu Sebastian Kolowa, kilichoanza kwa kufundisha walimu wa elimu maalumu, kwa hiyo hatuanzi sifuri.

Na majibu ya maabara yasiishie kwenye faili la hospitali ya rufaa. Mgonjwa apewe nakala, aelezwe kilichomo kwa Kiswahili, kwa Kisambaa ikibidi, arudi nayo nyumbani. Kijana yule ana mdogo wake wa darasa la tano ambaye tangu Januari amehamia dawati la mbele, na hakuna aliyemuuliza kwa nini.