Baba Fundi Anaporudi Darasani

Wale miongoni mwetu tulioolewa na mafundi umeme tunayajua maisha yenyewe. Hodi hupigwa saa tatu usiku kwa sababu taa za jirani zimezimika, na baba huacha chakula akaondoka na bisibisi mfukoni. Tunazijua suruali zenye matundu ya solda, na vipande vya waya ambavyo hatuthubutu kuvitupa maana "vitakuja kufaa". Kazi hiyo ndiyo iliyolipa ada za watoto na kuezeka nyumba. Kwa hiyo si rahisi kumwambia mtu aliyeishika kwa miaka ishirini kwamba yamo mambo ndani yake asiyoyajua.

Mwezi huu tumependa kulizungumza jambo hilo kwa sababu ya mama mmoja tuliyemtembelea. Mumewe ni fundi wa siku nyingi, mwenye leseni na mwenye jina zuri mtaani. Mwaka juzi zahanati moja ya kijijini ilimwomba awafungie umeme wa jua: paneli za kuweka juu ya paa, betri, taa za wodi na friji ndogo. Alikubali siku ile ile. Mkewe alipomwuliza kama amepata kuifanya kazi ya namna hiyo, alijibiwa, "Mama watoto, umeme ni umeme."

Haikupita miezi mitano, betri zikawa hazifiki hata saa nne usiku. Kisha breka moja iliungua, ikayeyuka na kuacha alama nyeusi ukutani. Tunamshukuru Mungu hakuna aliyeumia. Zahanati ilidai betri mpya, na ilikuwa haki yao. Mama yule aliuza kuku wake wote, isipokuwa mtetea mmoja aliyekuwa ameatamia.

Je, umeme si umeme? Tulikwenda kumwuliza mwalimu mmoja wa ufundi, naye alicheka kidogo, akavuta kiti. Alitueleza hivi. Umeme unaokuja kwa nguzo ni ule mafundi wanaouita AC. Huo hubadili mwelekeo bila kukoma, na katika kila sekunde moja hupita kwenye sifuri mara 100. Swichi inapofunguliwa, cheche ndogo hutokea ndani yake, lakini umeme unapopita kwenye sifuri cheche ile hufa. Umeme wa paneli na wa betri, yaani DC, haupiti kwenye sifuri. Cheche yake ikianza inaweza kuendelea kuwaka kama moto wa kuchomelea vyuma. Kwa sababu hiyo breka ya upande wa jua lazima iwe imetengenezwa kwa ajili ya DC na iandikwe hivyo. Baba yule alifunga ile anayoifunga siku zote majumbani.

Jambo la pili lilitutia baridi zaidi. Fundi wa nyumba amezoea kuzima meinswichi, kisha anashika waya kwa amani. Paneli haina meinswichi. Maadamu jua linaiangaza, ina umeme kwenye ncha za waya zake. Moja peke yake yaweza kuwa na volti 40 hivi. Kumi zikiunganishwa mfululizo zafika 400, na mtu yuko juu ya bati la moto, amesimama kwa vidole. Na ile testa ya bisibisi ambayo waume zetu huichomeka mfukoni mwa shati haiwaki kwenye umeme wa betri wa volti 12 au 24, hata kama umeme upo. Anayeitegemea amejidanganya.

Waya nao una hesabu yake. Chombo cha wati 230, kikitumia umeme wa nyumbani wa volti 230, huvuta ampea 1 tu. Chombo cha nguvu hiyo hiyo kikipewa betri ya volti 12 huvuta ampea zaidi ya 19. Waya uleule mwembamba uliotosha sebuleni sasa unapata moto, na umeme unapotea njiani kabla ya kufika kwenye taa.

Lakini kosa lililoziua betri za zahanati lilikuwa la hesabu ambayo mama yeyote anaifanya jikoni. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina akiba ya wati-saa 1,200. Ikiwa ni ya risasi, ile ya kawaida, haifai kuitumia zaidi ya nusu kila siku, la sivyo inakufa mapema. Basi zimebaki 600. Taa sita za wati 10, zikiwaka saa tano, zinakula 300. Hapo friji bado haijagusa kitu. Ni sawa na kujua debe la unga litafika lini, na siku wageni watatu wakija litaisha lini. Fundi aliyezoea umeme wa nguzo hajawahi kulazimika kufikiri hivyo, kwani nguzo haina debe; unawasha tu, bili inakuja baadaye.

Tuliporudi kwa mama yule tulimkuta amekwisha kuyasikia yote haya kutoka kwa mumewe mwenyewe. Baada ya aibu ile baba alikaa kimya wiki nzima. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba iko kozi fupi ya umeme wa jua katika chuo cha ufundi mjini, lakini yeye hawezi kwenda kukaa dawati moja na watoto waliozaliwa akiwa tayari anapanda ngazi.

Hapo ndipo mke anapohitajika. Mama yule alituambia jambo ambalo tumeliweka moyoni: siku ile breka ilipoungua, hakusema, "Mimi nilikuambia." Alitamani sana kulisema. Alikwenda nyuma ya nyumba, akafua nguo ambazo zilikuwa safi. Jioni ile ya kozi alimwuliza tu, "Inaanza lini, na wanataka shilingi ngapi?"

Kuhusu shilingi, tuseme ukweli, maana wengine hushawishiwa wakaja kukwama katikati. Ada ya kozi ndiyo sehemu ndogo. Kuna nauli na chakula cha mchana, na zaidi ya hayo kuna zile siku ambazo baba hatafanya kazi wala kuleta kitu. Hilo ndilo linaloumiza nyumba. Wao walikaa na daftari, wakachagua wiki za masika ambazo ujenzi hupungua, na mama akaomba kwa wenzake wa mchezo zamu yake ya kupokea itangulie. Wenzake walikubali, ingawa mmoja alinung'unika.

Kabla ya kulipa, fika chuoni mwenyewe au mtume baba aulize. Je, wanafunzi wanapanda paa kweli na kufunga paneli kwa mikono yao, au wanachorewa ubaoni tu? Cheti kinatambuliwa na nani? Wanafundisha betri za lithiamu pia, ambazo sasa zimejaa madukani na zinataka chaja yake maalumu? Semina ya siku moja inayotolewa na muuza paneli si mbaya, lakini hiyo hufundisha kuuza paneli.

Hapa Tanzania wapo VETA, mamlaka iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, na baadhi ya vyuo vyake hufundisha umeme wa jua. VETA hao hao wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi, yaani mtu aliyejifunza kazi mitaani anapimwa alichonacho na kupewa cheti bila kuanzishwa upya kama mtoto. Leseni za mafundi umeme zinatolewa na EWURA. Wenzetu wa Kenya walitunga kanuni za umeme wa jua mwaka 2012, na kwao fundi wa jua hupewa leseni yake kwa ngazi: T1 kwa mitambo midogo kabisa, T2 kwa ya kati, na T3 kwa mikubwa ikiwemo inayounganishwa na gridi. Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, ni mojawapo ya mahali wanapofundishwa. Sisi tunaupenda mpango ule, kwa kuwa hata mteja asiyejua kitu anaweza kuuliza, "Una T ngapi?"

Wapo wanaosema kazi ya jua waachiwe vijana, wazee waendelee na soketi. Hatukubaliani nao. Kijana aliyetoka darasani anaijua paneli, lakini hajui ukuta wa matofali mabichi unavyoshika skrubu, wala namna ya kutembea juu ya bati kuukuu bila kulitoboa. Fundi mkongwe anajua ethi ni kitu cha uhai, na anamjua mteja anayetaka kupunguza waya ili abakize fedha. Anachokosa ni kidogo kuliko anachokosa kijana. Tena, tukizungumzia umri, huko Tilonia nchini India kipo chuo cha Barefoot, kilichoanzishwa mwaka 1972, ambacho kimewafundisha bibi wengi wa vijijini, hata wasiojua kusoma, kufunga na kutengeneza taa za jua. Kutoka Zanzibar pia walikwenda akina mama, wakarudi wakiwa mafundi. Kama bibi mwenye wajukuu ameweza, baba mwenye leseni atashindwa nini?

Mume wa mama yule alikwenda. Siku ya kwanza alirudi amenuna, kwa sababu mwalimu alikuwa mdogo kuliko mdogo wake wa mwisho. Siku ya tatu alirudi akiongea bila kupumua, akamchorea mkewe kwenye karatasi ya sukari kwa nini huku kwetu, kusini mwa ikweta, paneli inaelekezwa kaskazini, na kwamba kivuli cha tawi moja la mwembe juu ya paneli moja kinaweza kuipunguzia nguvu safu nzima. Zile za zahanati zilikuwa zimeelekezwa kusini, na mwembe upo. Mke alishika taa, akasikiliza mpaka saa tano, ingawa alikuwa na usingizi na mtoto alikuwa na homa ya meno.

Baada ya kozi alirudi zahanati bila kuitwa. Aligeuza paneli, akabadili breka na waya, akaomba ruhusa ya kukata matawi mawili, akawaandikia wauguzi kwenye kadi kipi kiwashwe usiku na kipi kisubiri asubuhi. Hakudai malipo. Deni la betri alilimaliza mwezi Machi, kwa awamu, na katika awamu hizo mbili zilitokana na kazi za jua alizopata kwa sababu mganga wa zahanati alimtaja kwa wengine.

Tulipoaga, mama alitusindikiza mpaka barabarani. Mtetea yule alitotoa vifaranga kumi na mmoja. Mwewe amechukua wawili.