Ukikohoa wiki mbili, nenda ukapime

Pale Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, wapo panya buku waliofunzwa na shirika la APOPO kunusa kifua kikuu. Makohozi yaliyokwisha kupimwa hospitalini hupelekwa kwao baada ya kupashwa moto ili vimelea vife. Panya hupita juu ya sampuli moja baada ya nyingine. Akikuta harufu ya ugonjwa, husimama akainusa kwa sekunde kadhaa. Sampuli 100 humchukua kama dakika 20. Mtaalamu mwenye hadubini angezifanyia kazi siku kadhaa.

Kila sampuli inayotiliwa shaka hupimwa upya maabara. Hivyo ndivyo wanavyogunduliwa wagonjwa ambao kipimo cha kwanza kiliwapita.

Wanasayansi nao wanatafuta mashine ya kufanya kazi kama hiyo. Mwaka 1982, Krishna Persaud na George Dodd wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, walieleza namna ya kuunda pua ya kielektroniki: vihisio kadhaa huitikia harufu, kila kimoja kwa namna yake, na mwitikio wao kwa pamoja huitambulisha harufu hiyo. Leo watafiti wanaijaribu pua hiyo kwenye pumzi za wagonjwa.

Lakini hakuna pua, ya panya wala ya mashine, inayoweza kunusa kohozi ambalo halijatolewa. Hapo ndipo zamu yetu inapoanza.

Ukikohoa wiki mbili au zaidi, ukitokwa jasho usiku, homa zikikuandama au mwili ukipungua, nenda kituo cha afya. Toa kohozi la kifuani, si mate. Andikisha jina lako la kweli na namba ya simu inayopatikana, kwa kuwa jibu la pili laweza kuja baadaye. Ukiitwa, rudi. Dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali. Zimeze mpaka mwisho hata ukijisikia umepona.

Wenye maduka ya dawa, waganga wa jadi, viongozi wa dini: kikohozi sugu kikiwafikia, mwelekezeni mgonjwa hospitali. Wenye nyumba na waajiri, msimfukuze anayetibiwa. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mara nyingi wanaomfanya ayafiche ni sisi tunaomnyooshea kidole. Tumwondolee aibu hiyo, tumsindikize akapime.