Kali Moja, Maana Nyingi

Kiswahili chetu kina neno moja lisilochoka: kali. Kisu kikali, pilipili kali, mwalimu mkali, mbwa mkali, homa kali. Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kwa maneno mengi, na hospitalini ukikosea neno unaweza kumuumiza mtu.

Mwaka wangu wa kwanza wodini hapa Uingereza, mzee mmoja aliusukuma mkono wangu nikimtafutia mshipa wa dripu. Nikaandika kwenye faili lake: “aggressive”. Kichwani nilimaanisha “alikuwa mkali kidogo”. Wenzangu wa zamu ya usiku walisoma “mtu wa kushambulia”. Wakamwendea wawili wawili, kwa sauti ya juu, naye akazidi kuogopa. Kumbe homa ilikuwa imemchanganya akili. Hakuwa na ugomvi na mtu. Tangu siku hiyo naandika alichofanya mgonjwa, siandiki tabia yake.

Basi tuyatenganishe. “Hostile” ni mwenye uadui, hata kama hajainua mkono. “Violent” ni aliyetumia nguvu kuumiza. “Malicious” ni anayedhuru kwa makusudi, nia yake ni mbaya. “Malignant” lina asili moja na hilo, Kilatini malus, yaani baya, lakini kwa daktari halihusu nia: ni uvimbe wa saratani. Kinyume chake ni “benign”, uvimbe usio wa saratani, ingawa nao huweza kuhitaji kutolewa ukibana mahali pabaya.

Na lile “aggressive” lililoniponza? Likisemwa juu ya saratani, maana yake inakua na kusambaa haraka. Likisemwa juu ya matibabu, ni matibabu ya nguvu. Neno moja, habari mbili tofauti kabisa.

Kwa hiyo, ndugu yangu unayempeleka mama kliniki na kumtafsiria, usibahatishe. Muulize daktari waziwazi: ni saratani au si saratani? Inakwenda haraka au polepole? Hapa Uingereza una haki ya kuomba mkalimani wa hospitali, na NHS haikutozi kitu. Omba mapema, unapothibitisha miadi. Siku hiyo wewe kaa pembeni ya mama, umshike mkono. Kazi ya maneno mwachie mwenyewe.

Tuonane toleo lijalo.