Kona ya Picha: Usimpe Bibi Mgongo wa Dirisha

Wapenzi wasomaji, wazee wetu na vijana,

Mwaka huu katika kona yetu nataka tuzungumze habari ya video, na nitaanza kwa kosa langu mwenyewe.

Sikukuu ya Idi mwaka 2019 jamaa tulikusanyika nyumbani kwa Bibi, London. Nikaona hiyo ndiyo siku ya kumrekodi atuhadithie safari yake ya kuja Uingereza mwaka 1967. Nikamkalisha kwenye kochi, dirisha kubwa nyuma yake, nami nikasimama upande wa pili wa chumba na simu yangu. Televisheni inasema, watoto wanakimbizana, na Bibi anahadithia. Alisema dakika arubaini. Miezi mitatu baadaye alitutoka, Mungu amrehemu. Tulipokaa kuitazama ile video, uso wake hauonekani. Ni kivuli cheusi, na nusu ya maneno yamemezwa na kelele.

Sababu ni kwamba kamera hujipimia mwanga yenyewe. Ikiona dirisha linang'aa, hupunguza mwanga wa picha nzima, na aliye mbele ya dirisha huwa giza. Dawa yake haina gharama. Mgeuze mwenye kusema alielekee dirisha, upande kidogo, na wewe usimame karibu na dirisha hilo. Mwanga wa mawingu ya huku, tunaoulalamikia kila siku, ni mzuri kwa uso wa mtu kwa kuwa hauna vivuli vikali. Taa ya darini izime, kwani hutia vivuli machoni.

Ama sauti, maikrofoni ya simu hushika vizuri kilicho karibu. Basi sogea wewe, usikuze picha kwa vidole. Zima televisheni, funga mlango. Rekodi nusu dakika, usikilize, ndipo uanze.

Watu wa habari za televisheni hawategemei picha moja ndefu. Hupiga ya mbali kuonyesha mahali, ya kati kumwonyesha mtu, na ya karibu kuonyesha uso au mikono. Simu ilaze, na kila picha uishike imetulia mpaka uhesabu kumi. Tena usimwulize mzee, "Ulifurahi?" Atakujibu, "Ndiyo," basi. Mwulize, "Uliposhuka, uliona nini kwanza?" Kisha nyamaza. Mwanzoni ataje jina lake, nawe utaje tarehe na mahali, maana watakaotazama miaka hamsini ijayo hawatakuwa na wa kumwuliza.

Katika ile video yetu zimesalimika dakika mbili. Bibi alinyanyuka akaenda jikoni kuchagua mchele, ingawa mchele wa huku hauna mawe. Nikamfuata, simu ingali inarekodi. Akakaa mezani akalielekea dirisha, nami kwa udogo wa jiko nikabanwa karibu naye. Uso wake unaonekana wote, vidole vinakwenda kwenye sinia, naye anawataja ndugu zake saba, mmoja mmoja. Wawili kati yao sisi wajukuu hatukupata kuwasikia. Haukuwa ujuzi wangu, ilikuwa bahati tu.

Kwa hiyo mwenye mzee nyumbani asingoje Idi. Jumamosi hii amwekee kiti mbele ya dirisha.

Wasalaam.